Kioo Kilichotetemeka kwa Epiphanie Peke Yake

Epiphanie alijifunza kupiga taipu katika ofisi ya kiwanda cha chai nje ya mji wa Bukavu, kwa mashine ya chuma ambayo mtu mmoja hakuweza kuibeba. Mwalimu alikuwa akiwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasitazame vidole. Baada ya mwaka mmoja Epiphanie aliweza kuandika ukurasa mzima huku akiongea na mtu aliyesimama mlangoni. Ndiyo kazi aliyoijua. Vita vilipofika Bukavu na kiwanda kikafungwa, alitoka na mfuko mmoja wa nguo, akavuka nchi baada ya nchi, na mwanzoni mwa mwaka 1997 akajikuta Durban, katika chumba cha ghorofa kuukuu huko Point, akisikia honi za meli na asielewe lugha hata moja iliyosemwa barabarani.

Alianza na kusuka nywele katika saluni ya Wakongomani. Hakufaa. Wateja walisema anasuka kama anapiga taipu, haraka na kwa nguvu, na wakitoka pale vichwa vinawauma. Mmoja wa wateja hao ndiye aliyemwambia kwamba chini ya jengo la pili kutoka pale kuna Mtanzania mwenye kompyuta anayetafuta mtu wa kuandika.

Mtanzania huyo aliitwa Ambokile, mtu wa Tukuyu aliyekuwa baharia, akashuka melini Durban na asirudi tena. Alikuwa na mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja. Watu walikuja pale kuandikiwa maombi ya kazi, matangazo ya misiba, kadi za harusi. Ndani ya kompyuta hakuwa na ile programu ambayo kila ofisi mjini ilikuwa nayo. Alikuwa na Linux, aliyoipata kwenye sidii iliyobandikwa juu ya jarida.

"Hii haina mwenyewe, dada," alimwambia Epiphanie siku ya kwanza. "Ikiharibika unaifungua, unatazama ndani."

"Na weye unajua mambo ya mule ndani?"

"Bado. Lakini mlango uko wazi."

Epiphanie akakaa, akaweka vidole mahali pake, akaandika sentensi ya kwanza bila kutazama. Alipoinua macho, sentensi haikusomeka. Kila palipotakiwa herufi a palikuwa na q, na penye m palikuwa na nukta na mkato. Akadhani mashine ni mbovu. Ambokile akadhani mwanamke yule alidanganya kwamba anajua kazi. Ilichukua asubuhi nzima na kelele nyingi kabla hawajagundua kwamba herufi za mashine za Kifaransa zimepangwa tofauti na za Kiingereza, na kwamba vidole vya Epiphanie vilikuwa vinakwenda mahali sahihi pa mashine nyingine.

Akajitahidi kubadilika, lakini kabla hajabadilika akaandika kadi za harusi ya kijana mmoja, Anaclet, na mchumba wake Marie-Jeanne. Kadi zikachapwa, zikagawiwa, na ndipo mtu mmoja akauliza huyu bwana harusi "Anqclet" ni kabila gani. Marie-Jeanne alikuja dukani analia. Ambokile akachapa kadi upya bila kudai kitu, kisha akaingia ndani ya Linux yake na kupanga herufi zote zikae kwa mtindo wa Kifaransa. Tangu hapo vibonye vilisema jambo moja na kioo kikaonyesha jingine, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuitumia kompyuta ile isipokuwa Epiphanie, ambaye hakuvitazama vibonye. Mwenyewe Ambokile alipotaka kuandika jina lake alikuwa anatoa "Q,bokile" na kutukana kwa Kinyakyusa.

Lakini habari ya kadi ilikwishaenea. Wateja wakawa wanazunguka meza, wanasimama nyuma ya bega la Epiphanie, wanampumulia shingoni ili waone anachoandika. Ambokile akafikiri, akapata wazo. Ofisi moja ya mizigo bandarini ilikuwa inauza vifaa vyake vya zamani. Akanunua monita ndogo, ya rangi ya manjano kama jino la mvuta sigara, akaiweka upande wa pili wa meza ikimtazama mteja. Akanunua na kebo yenye mguu mmoja na mikono miwili: mguu unaingia kwenye kompyuta, mkono mmoja unakwenda kwa monita kubwa ya Epiphanie, wa pili kwa ile ndogo. Mwanzoni ile ndogo haikuonyesha kitu. Ambokile akakaa nayo jioni moja, akapunguza namba fulani ndani ya faili la mipangilio, na picha ikatokea pande zote mbili.

Wateja walifurahi. Walikaa kwenye kiti, wakaona majina yao yakiandikwa herufi kwa herufi, wakasema "hapo, hapo weka alama juu ya e." Duka likajaa.

Na Epiphanie akaanza kuumwa.

Mwanzo ilikuwa macho kuwasha. Kisha kichwa, hapa juu ya nyusi, kama mtu amekifunga kamba. Kisha akaona kwamba kioo chake kinatetemeka. Hakikuwa kinakwenda huku na huku. Weupe wake wote ulikuwa unapapatika, haraka sana, kama kipepeo aliyefungiwa kwenye chupa ya taa.

"Patroni," alisema, "kioo iko natetemeka."

Ambokile akaja, akainama, akatazama. "Mimi naona kimetulia tuli."

"Hauone?"

"Sioni kitu, dada. Labda umechoka."

Akamuuliza mteja mmoja. Hakuona kitu. Akamuuliza mwingine, mama wa Lubumbashi, naye akasema, "Ndiyo, ndiyo, iko natetemeka kabisa," lakini alikuwa anatazama printa.

Epiphanie alirudi kwenye kiti chake akiwa na hofu. Mama yake mzazi alikuwa amepofuka kabla ya kufika uzeeni, na siku ya kwanza ya upofu wake alikuwa amelalamika kwamba taa ya koroboi haitulii. Watu wa nyumbani walisogeza taa, wakakata utambi, wakafunga dirisha. Hakukuwa na upepo.

Akaenda kliniki mjini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika, nesi alimsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Alizisoma zote mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao hata nesi alilazimika kuusogelea.

"Herufi hizi zinatetemeka?" nesi akauliza kwa Kiingereza cha polepole.

"No."

"Then your eyes are fine, mama."

Alitoka pale akiwa na dawa za maumivu na mkanganyiko mkubwa kuliko aliokwenda nao. Kama macho ni mazima, na kioo ni kizima, basi ni nini kinachotetemeka? Jumamosi hakuumwa. Jumapili alipanda taxi kwenda Sydenham, kwenye kanisa lao la Wakongomani, akaimba ibada yote bila kuumwa. Jumatatu, kabla hajamaliza barua ya kwanza, kamba ile ikarudi juu ya nyusi.

Rafiki yake Gracieuse, waliyekuwa wakiimba naye, alisema ni wazi kabisa: kuna mtu katika jengo lile anaitaka kazi yake na ameweka kitu chini ya kiti. Epiphanie hakuamini, lakini alipofika dukani alikiinua kiti akatazama chini yake. Alikuta bazoka ya kutafuna iliyokauka.

Kwa Gracieuse kulikuwa na televisheni. Jumapili moja Epiphanie aliitazama kwa makini, akaona nayo inapapatika kidogo penye weupe. "Na hii?" akauliza. "Hauone inapiga-piga?" Gracieuse akamtazama yeye badala ya televisheni, akamshika mkono, na akaanza kumwombea palepale, mbele ya taarifa ya habari. Epiphanie alifumba macho akaombewa. Moyoni alikuwa anajiuliza kama tangu utoto wake ameona vitu ambavyo wenzake hawavioni, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Akaamua kuacha kazi. Alipanga kumwambia Ambokile siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshiba.

Ijumaa hiyo Ambokile alikuwa amenunua chevda, vile vitafunio vikavu vya kukaanga, kwa Mhindi wa kona, pakiti kubwa, anakula amesimama nyuma ya Epiphanie akisubiri ukurasa. Epiphanie alisikia meno yanasaga. Kisha yakanyamaza. Kisha yakasaga tena, kwa nguvu, na kunyamaza ghafla.

"Eish!" Ambokile alisema. "Kinatetemeka!"

Epiphanie akageuka. "Unaona?"

"Nimeona! Ngoja." Akatafuna. "Naona!" Akaacha kutafuna. "Sioni."

"Sasa iko natetemeka ao haiko?"

"Nikitafuna kinatetemeka. Nikinyamaza kimetulia." Alijishika taya. "Labda ni meno yangu."

Wakatazamana. Epiphanie akachota chevda kidogo, akatafuna. Kwake kilitetemeka vilevile, akitafuna au asitafune. Ambokile akaitazama fotokopi huku anatafuna: fotokopi ilitulia. Akatazama ukuta, kalenda, gari lililopita nje. Vyote vilitulia. Akarudi kwenye kioo, akatafuna, na kioo kikacheza kama maji kwenye beseni.

"Vitu vyote vimetulia isipokuwa kioo," alisema taratibu. "Kwa hiyo si meno."

Akageuza uso kando, akajifanya anatazama mlango, na hapo, kwenye kona ya jicho, bila kutafuna kitu, aliona. Weupe ulikuwa unapapatika. Akautazama tena moja kwa moja, ukatulia. Akatazama mlango, ukapapatika.

"Dada Epiphanie," alisema, "tangu lini unakiona hivi?"

"Tangu uliponunua ile kidogo."

Ambokile akaketi. Mpango wake wa kuacha kazi Epiphanie hakuutamka.

Siku zilizofuata Ambokile alisoma maelezo yaliyokuja na Linux, kurasa nyingi za Kiingereza, na alichokielewa alimweleza Epiphanie hivi. Picha ya kioo haikai. Inachorwa mstari kwa mstari kutoka juu mpaka chini, kisha inachorwa upya, tena na tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ikichorwa haraka, jicho linadanganyika na kuona kitu kimoja kilichotulia. Ikichorwa polepole, kuna macho yanayokamata nafasi kati ya picha na picha. Monita kubwa ilikuwa ikichorwa mara themanini na tano kwa sekunde. Ile ndogo ya manjano haiwezi kupita sitini. Kwa kuwa zinatumia kebo moja, yeye, Ambokile, jioni ile, aliishusha kubwa ifuate ndogo.

"Kwa hiyo mi si mgonjwa," Epiphanie alisema.

"Naona hivyo."

"Unaona hivyo, ao unajua?"

"Naona hivyo."

Ambokile hakutaka kungoja. Palepale, bila kukumbuka kuizima ile ndogo, alibadili namba, ikawa themanini na tano, akaizima picha na kuiwasha. Kwenye kiti cha mteja alikuwa ameketi Ildephonse, mwalimu wa shule kutoka Uvira, ambaye sasa alikuwa analinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni na alitaka kuandikiwa maombi ya kazi nyingine.

Kioo cha Epiphanie kiliwaka, na kilikuwa kimetulia kama karatasi. Alikitazama. Machozi yalimtoka kabla hajajua kwamba analia.

Upande wa pili wa meza, monita ya manjano ilipasua picha vipande vya mshazari, ikatoa mluzi mwembamba uliopanda, na kupanda, na kupanda. Ildephonse hakuwa tena kwenye kiti. Alikuwa chini ya meza, kifudifudi, mikono juu ya kisogo.

Ambokile alichomoa waya ukutani. Kila kitu kikazimika. Harufu ya vumbi lililoungua ilijaa dukani.

Epiphanie alikuwa amekwishapiga magoti sakafuni. Aliujua mluzi ule. Aliufahamu pia mkao ule wa mikono. "Mwalimu," alisema, "haiko kitu. Haiko bomu. Ni mashine."

Ildephonse hakuinuka. "Ile sauti," alisema.

"Najua. Mi pia nimesikia. Imekwisha."

Alikaa naye pale chini mpaka alipoweza kujiinua mwenyewe. Ambokile akamletea chai yenye sukari nyingi, akaomba radhi, akaomba tena, na alijaa haya kiasi kwamba hakujua aweke wapi mikono yake. Alipokuwa melini aliwahi kusikia vita vya watu wengine kwenye redio tu. Ildephonse alikunywa chai, akatengeneza kola ya shati, akasema atarudi siku nyingine, kisha akatoka akipita mbali na monita ile.

Namba ikarudishwa sitini. Monita ya manjano, kwa bahati, haikufa. Lakini sasa walikuwa wanajua, na kujua hakukuwasaidia. Ambokile alijaribu sabini, huku ameshika waya tayari kuuchomoa: Epiphanie bado aliona mpapatiko, na ile ndogo ikaanza kulia. Akajaribu sitini na tano: ndogo ikakataa, na Epiphanie hakupata nafuu yoyote.

"Hawa wawili hawawezi kukubaliana?" Epiphanie aliuliza.

"Sidhani. Kebo ni moja, picha ni moja."

"Kama mume na muke."

Ambokile akaandika swali kwa barua pepe, akalituma kwa kundi la watu wa Linux wa nchi mbalimbali. Majibu yalikuja mengi na hayakufanana. Mmoja alisema aweke kadi mbili za picha, kila monita na yake, halafu asubiri, kwa sababu Linux ya wakati ule ilikuwa bado haijui vizuri kutanda juu ya vioo viwili. Mwingine alisema ameshafanya hivyo na kompyuta yake ikaganda. Wa tatu alisema atupe ile ndogo anunue mbili zinazofanana. Wa nne, aliyeandika kwa hasira, alisema mjadala wote ni upuuzi, hakuna binadamu anayeweza kuona tofauti hiyo.

Ambokile alimtafsiria hilo la mwisho. Epiphanie alifikiri kidogo. "Sasa mi ni nini?"

Njia waliyoipata mwishowe ilikuwa nusu ya Linux na nusu yao. Ambokile aligundua kwamba faili la mipangilio linaweza kubeba kasi mbili, na kwamba vibonye vitatu vikibonyezwa kwa pamoja picha inahama kutoka moja kwenda nyingine. Basi mteja akija, monita ya manjano inazimwa kwa swichi yake. Epiphanie anahamia kasi kubwa, anaandika kwa amani. Akimaliza anabonyeza vibonye vitatu, picha inashuka, monita ya manjano inawashwa, na mteja anasoma alichoandikiwa. Muda huo mteja anaposoma, Epiphanie anageuza uso dirishani au anafumba macho.

Mara mbili za kwanza walikosea mpangilio, wakawasha kabla ya kushusha, na mluzi ukaanza. Ambokile akachora kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, akaibandika juu ya monita: SHUSHA, HALAFU WASHA. Wateja wapya waliisoma na kuuliza washushe nini.

Maumivu ya kichwa ya Epiphanie yalipungua, kisha yakaisha. Hakuwahi kuelewa vizuri kwa nini yeye na si wengine. Alimuuliza Ambokile mara nyingi, na kila mara Ambokile alianza kueleza kwa kujiamini, akafika katikati, akatafuta karatasi, akachora duara, akasema, "Hapa ndipo sijafika."

Ildephonse alirudi baada ya majuma kadhaa. Hakuketi. Alisimama karibu na mlango, amekunja mikono, mpaka Epiphanie alipoandika maombi yake yote, akashusha, akawasha. Ndipo aliposogea, hatua kwa hatua, akakaa, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Alifika kwenye jina la shule aliyofundisha.

"Hapa kuna kosa. Ni Kasenga, kwa s moja."

Vidole vya Epiphanie vikaenda, vikafuta, vikarudisha. "Sasa?"

"Sasa ni sawa." Alinyanyua macho, akamwona. "Mama, kwa nini umefumba macho?"

Epiphanie alianza kumweleza: kwamba kioo kinachorwa, kwamba cha upande huu kina mbio na cha upande ule kimechoka, kwamba kebo ni moja, kwamba ukitafuna chevda unaweza kukiona. Ildephonse alisikiliza kwa heshima, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi ambao hawakusoma somo.

"Sijaelewa hata kidogo," alisema.

"Mi pia," Epiphanie akajibu. "Endelea kusoma, mwalimu. Bado iko ukurasa moja."

Naye akaendelea.